Historia ya Kaka Yetu, Rubani Soma Tena

Wapendwa waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, pamoja na sehemu moja ambayo baadhi yetu tulitaka kuiruka, naye akakataa.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1954, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi saa na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, ambako alijua kusoma mishale ya saa kabla hajajua kuandika jina lake. Alianza shule ya msingi Januari 1961, akamaliza sekondari Novemba 1972, wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika kuimba, kisha akaenda chuo cha urubani na kuhitimu tarehe 3 Desemba 1976. Mwaka uliofuata aliajiriwa na shirika dogo la ndege za abiria, na mwaka 1985 akawa rubani mkuu.

Tarehe 18 Aprili 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa jiografia, aliyekuwa akimtania kwamba yeye anaifundisha dunia na mumewe anaipita juu tu, nao wakajaliwa watoto watatu na wajukuu watano.

Siku ya Alhamisi, tarehe 22 Agosti 1991, shemeji akiwa na mimba ya mtoto wa tatu, kaka alikuwa katika safari ya tano ya siku hiyo, siku ya nne mfululizo ya kuamka saa kumi alfajiri, akiwa na abiria thelathini na mmoja. Saa tisa alasiri, ndani ya wingu, alitazama kipimo cha mwinuko, ambacho mishale yake mitatu humwambia rubani yuko futi ngapi juu, akasoma elfu kumi na moja, wakati ndege ilikuwa kwenye futi elfu moja na bado inashuka. Tofauti ilikuwa katika mshale mdogo kabisa, unaohesabu makumi ya maelfu ya futi, na macho yaliyochoka yalikwisha kuuzoea. Rubani msaidizi, ambaye tunaye hapa leo, aliinua kichwa kutoka kwenye ramani akamwambia, “Mkubwa, soma tena.” Kaka aliivuta ndege juu, na wingu lilipopasuka waliona mabati ya nyumba, na nguo zilizoanikwa.

Walitua salama, abiria wakashuka wakilalamikia mizigo, na msaidizi wake akamwambia kwamba jambo hilo litabaki kati yao wawili. Kaka aliandika taarifa siku hiyohiyo, akijua inaweza kumpotezea kazi, na sentensi yake ya mwisho ilisema, “Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na mdomo wa kusema, sikusema.” Alisimamishwa miezi saba, akashushwa cheo, lakini mwaka 1993 shirika lilipunguza zamu, naye akafanywa mkufunzi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2014, wanafunzi wakimwita Soma Tena, jina aliloliitikia bila kinyongo.

Aliugua figo kuanzia Oktoba 2019, na akafariki Jumamosi, tarehe 11 Februari 2023, saa nne asubuhi. Wiki moja kabla, shemeji alimwambia kwamba tukiisoma habari hii watu watakumbuka hiyo tu, naye akajibu, “Wakikumbuka hiyo tu, inatosha.”

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuachia milango yao wazi, na wafanyakazi wenzake, hasa yule aliyeinua kichwa. Na ikiwa yumo hapa mtu aliyesafiri naye alasiri ile, marehemu aliagiza nimwombe radhi kwa niaba yake, nami, mbele yenu nyote, naomba radhi.

Pumzika sasa, kaka, kwa amani, mpaka ushibe.