Fundi wa Makochi Hakuwa Amelewa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi wa makochi. Wateja walimwita Misumari, maana akiwa kazini misumari ilikaa mdomoni, na bado aliongea kutwa nzima. Ukimuuliza kochi lako litakuwa tayari lini, anakujibu kwa nyusi.

Pombe hakuwahi kuionja. Nalisema mapema, na nitalirudia. Alikuwa na kisukari. Kila asubuhi alijichoma sindano ya kushusha sukari, na mfukoni hakukosa peremende, za kumwokoa sukari ikishuka.

Siku hiyo alijibizana na askari waliotaka aondoe makochi njiani. Mdomo ukamponza. Wakamchukua keshajichoma sindano, hajala. Kituoni utaratibu ni mmoja: mkanda, kamba za viatu na vyote vya mfukoni vinabaki kaunta. Peremende nazo zikabaki. Askari wa zamu akamtania, mtu mzima na peremende wapi na wapi. Hakumuuliza za nini.

Mchana akaanza kutoka jasho. Ulimi mzito, anayumba. Mahabusu wenzake wakagonga mlango. Wakajibiwa huyo kalewa, aachwe alale pombe imtoke. Akalala. Akakoroma. Wenzake nao wakatulia, wakidhani anapumzika.

Dada yake akafika na chakula. Akaeleza kwamba kaka yake ni mgonjwa, lazima ale. Wakamwambia amepitiwa na usingizi, asubiri. Akakaa kwenye benchi, bakuli mapajani. Mlango ulipofunguliwa, kaka yake alikuwa amekwisha kukata roho. Inauma, jamani. Inauma sana.

Dada huyo nilimkuta msibani, macho makavu. Akaniambia: "Mimi sikuwaomba wamwachie. Niliwaomba wamwamshe tu."

Narudia: hakuwa amelewa. Sukari ilishuka, na dawa yake ilikuwa pale pale kaunta.

Dada yetu, na familia nzima, poleni sana. Mungu awape subira. Sisi wengine tujiulize ni mara ngapi tumempita mtu aliyelala, tukasema ni mlevi tu.

Na wewe uliye zamu saa hii, funguo mkononi, redio mezani: kila anayeingia, muulize anaumwa nini na anatumia dawa gani. Kama kuna anayekoroma humo ndani, niache mimi. Nenda kamtikise, akutajie jina lake. Asipoweza, mkimbize hospitali. Nenda sasa, ndugu yangu. Tutakusubiri.