Kompyuta Isiyojua Mabega ya Watu

Sogeeni, wanangu, na wewe mkubwa zima hiyo simu, maana pumzi niliyonayo si ya kurudia maneno. Kiwanda chetu cha ushonaji, vyerehani vyake na ile meza ya kukatia, nawaachia nyote wawili, lakini kabla sijafumba macho nataka mkisikie kinyaa changu chote. Mungu anisamehe, nilijizuia nikashindwa.

Mimi na marehemu baba yenu tulijulikana kwa jambo moja: aliyeshindikana kwenye maduka yote, bega moja chini au mgongo umepinda, alikuja kwetu akatoka kama bwana harusi. Hiyo ndiyo kazi yetu, hatuna nyingine. Wewe mkubwa ukatuletea kompyuta, na yule muuza mfumo wake wa vipimo, Bwana Marashi, akauliza tuna vyerehani vingapi, asiulize tunamshonea nani. Juzi nimelala hapa nyuma ya pazia, namsikia mwalimu mwenye kibyongo, mteja wetu tangu ujana wake, anakuambia, "Nipime basi, mwanangu." Nawe bila haya, "Mwalimu, mfumo una saizi tatu tu. Ndogo, kati au kubwa?"

"Na kibyongo nikiweke wapi, mfukoni?"

Mafundi wakacheka, ukabonyeza kubwa, naye akaondoka bila kupimwa. Kinyaa kilichonishika hapo si cha dawa.

Kompyuta msiitupe, si yenyewe iliyokosa adabu. Binti yangu, wewe unayekata kitambaa na kuijua mashine hiyo pia, kiwanda utakiongoza wewe. Mwite Bwana Marashi akae kwenye benchi la mafundi, atazame tunavyopima, ndipo atengeneze mfumo wenye nafasi ya bega la kushoto na la kulia, kila mteja na mwili wake. Akikataa, aende na marashi yake, mtafute mwingine. Mkubwa, usinune, utamsikiliza mdogo wako. Nakupenda, ila uliifuata mashine ukamwacha mtu. Kesho nenda kwa mwalimu na futi ya kupimia, umwombe radhi.

Nipeni maji... Basi, yatosha. Mungu aliyewapa kila mmoja umbo lake awalinde, awape mikono myepesi na macho ya kuona watu.

Nguo yangu ya kuzikiwa msiikisie. Ugonjwa umenila, bega hili limeshuka. Mkubwa... chukua futi. Anzia hapa, kushoto... Nyoosha futi, mwanangu. Taratibu... na la kulia...