Mama Goretti, Upande wa Kitako

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka mwanakwaya aliyekuwa akipiga maboga kwa bunduki. Ndiyo, mmesikia vizuri. Wa kuguna na agune.

Mama Goretti Murhula, wa mtaa wa Phillips hapa Minneapolis, ametutoka kwa kansa ya tumbo. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Mzaliwa wa Walungu, Kongo mashariki. Mama mzazi wa Merveille. Mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lake. Nimesema kwaya, shikeni hapo, maana kwaya ndiyo waliyomnyang'anya.

Alifika Minnesota mwaka 2011. Julai ya mwaka ule ule fataki za sikukuu ya uhuru wa Marekani zikalia kama risasi, na Goretti akajikuta chini ya meza, wali umemwagika, mwanawe anamtazama. Aliona aibu mpaka akakasirika.

Akapata kazi ya kuhudumia wazee huko Savage. Mwenzake kazini, nesi Mkenya aitwaye Jeptoo, alipenda kulenga shabaha. "Mum, si twende tu Saturday? Nita-drive mimi." Wakaenda uwanja wa shabaha, kusini ya Lakeville. Bunduki ya kukodi, kubwa, imesimama mezani kwa miguu miwili ya chuma, risasi moja ndefu kama kalamu. Mlio wa kwanza, Goretti alilia. Wa pili, akalia. Wa tatu, boga likasambaratika, na mama wa watu akacheka mpaka Jeptoo akaingiwa na wasiwasi.

Basi ikawa kila msimu na shabaha yake. Novemba, maboga ya majirani, yale ya kuchongwa macho na meno kwa sikukuu ya Oktoba, yakishaoza. Januari, maji ya rangi yaliyogandishwa kwenye ndoo. Kiangazi wenzake walileta matikiti, akayakataa. "Chakula, hapana! Miye nilishinda njaa porini." Na fataki je? Merveille anasema, "Mama alikuwa anakaa tu, anamalizia wali wake."

Habari zikafika kanisani. Mzee Byamungu, mkuu wa wazee wa kanisa, akamwita. Tusimcheke mzee huyu, amezika wana wawili waliopigwa risasi. Akamwambia, "Mama, kitu kilichotumaliza, wewe unakifanya mchezo? Chagua. Bunduki ao kwaya."

Goretti akajibu, "Mzee, watoto wako niliwalilia. Lakini maisha yangu yote nimekaa upande wa mtutu. Acheni na miye nikae upande wa kitako."

Wakamvua joho la kwaya. Mnadhani alihama kanisa? Thubutu! Kila Jumapili alikaa kiti cha mbele, akiimba sauti yake ya pili mpaka kwaya nzima inamezwa.

Mwezi uliopita, Mzee Byamungu alimfuata hospitalini na joho mkononi. Sharti la mzee: aahidi tu kuacha bunduki, azikwe nalo, kwaya imwimbie. Hapo, wapendwa, wengi wetu tungelegea. Merveille anasema mama yake alilia alipoliona, alilitamani mno. Kisha akalikunja vizuri, akamrudishia mzee. "Siwezi kuahidi uongo na miye niko nakufa. Nikipona kesho, naenda kulenga."

Jumamosi amezikwa bila joho. Wazee waliamuru kwaya isiimbe. Donatille, kiongozi wa kwaya, akawaambia, "Kwaya haipo hapa. Sisi ni majirani." Wanakwaya wakaacha majoho yao kwenye magari, wakasimama kaburini na makoti yao, wakaimba. Sauti ya pili hakuna aliyeigusa. Mzee Byamungu hakuimba, lakini hakuondoka.

Merveille, pole sana, mwanetu. Jeptoo, pole. Mzee Byamungu, nawe pole, kwa wanao na kwa dada yako huyu wa kanisa. Na sisi sote tutafakari: tumekimbia vita vile vile, lakini hatukutoka na kidonda kimoja. Unayempangia mwenzako namna ya kupona, kazi hiyo umepewa na nani?

Mungu amlaze pema Goretti Murhula. Msamaha hatumwombei. Hakukosa.