Asarman Chongbang na Ardhi Isiyoombwa

Marehemu Asarman Chongbang alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 kijijini Yangsing, mashariki ya Nepal, mtoto wa tatu wa Mama Phulmati. Mama mwenyewe alipenda kusema kwamba huyu alizaliwa akibisha.

Alisoma hadi darasa la nane, akaacha na kulima iliki. Mwaka 1981 alimwoa Sukmaya. Walikutana kwenye ngoma ya mavuno, wakaimbiana kwa mashairi hadi marehemu akakosa la kujibu. Ushinde huo hakuukubali mpaka kufa.

Miaka hiyo hata saini ya cheti cha kuzaliwa ilifuatwa makao makuu ya wilaya, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Mwaka 2017 madaraka na bajeti vikashushwa hadi kwenye kata, naye akachaguliwa mwenyekiti. Tusimnyime haki yake. Alileta zahanati. Alileta barabara, lori likawa linafuata iliki milangoni, na vijana waliokuwa Qatar wakarudi kufungua maduka. Nani hapa hajala matunda hayo?

Ila barabara ilipasua kilima cha makaburi. Sisi Walimbu hatuziki mpaka phedangma, kuhani wetu, aiombe ardhi nafasi na ardhi ikubali. Mifupa ikihamishwa, ardhi huombwa upya. Marehemu alianza na kaburi la mama yake, asije akaambiwa ana upendeleo. Mifupa akaizika nyuma ya ofisi ya kata, phedangma hakuitwa. Sukmaya alimwonya.

“Tumeombaomba Kathmandu mpaka magoti yameota sugu,” akamjibu. “Sasa ardhi ni ya kata. Nimwombe nani tena?”

“We mzee, kura ulipewa na watu. Ardhi haikukupigia.”

Na sisi wengine, kwa uroho wa barabara, tukahamisha wazee wetu vilevile.

Tangu mvua za mwaka ule, ukungu ukipanda mchana, marehemu alimwona mama yake kwenye benchi la ofisini, miguu imejaa tope, akingoja zamu. Alimwagiza karani amhudumie yule bibi kwanza. Karani aliona benchi tupu, lakini limelowa. Marehemu alipomuuliza mama shida yake, jibu lilikuwa lilelile: “Nimekuja kuuliza nakaa wapi.” Mwenyekiti mzima, mwenye mhuri na bajeti, hatimaye akamwita phedangma. Phedangma aliuliza, akasikiliza, akasema ardhi imenyamaza. Tulimcheka marehemu. Kisha na sisi tukaanza kukuta vigoda vya majumbani mwetu vimelowa, na kicheko kikatuisha.

Aliugua mapafu Machi 2023, akatibiwa katika zahanati aliyoijenga mwenyewe, akafariki tarehe 9 Novemba 2024. Siku ile alimsihi Sukmaya asizikwe kabla ardhi haijaitika. “Hata nikioza,” alisema. “Sitaki kuja kukusumbua nikiuliza nakaa wapi.”

Kwa hiyo mkiona jua limepanda na kaburi bado li wazi, msinong’one. Phedangma bado anauliza.

Marehemu ameacha mjane, Sukmaya, binti yake, Mikma, mwanawe, Yehang, wajukuu wanne, na mama yake, Mama Phulmati, aliyewekewa kiti mstari wa mbele. Tunaomba kisikaliwe.

Ardhi ikimkubali, apumzike kwa amani.