Valeriani Apewe Shule ya Mofu

Mgeni rasmi, Padri Mkaguzi wa shule za bonde hili. Mwalimu wetu Theodori. Jumbe na wazee mlioketi mbele. Wazazi mliotoka Kibaoni, Mbingu na Mofu: tunawaamkia wote, kila mmoja kwa heshima yake.

KUKUKARIBISHA

Baba, karibu Ifakara. Tunajua njia uliyopita, maana mto bado haujarudi sawasawa ndani ya kingo zake, na wapagazi wako wamefika na matope mpaka mapajani. Wao wameshapewa wali na samaki. Chakula chako nacho kipo tayari, ila Mwalimu Theodori ametuonya kwamba mgeni aliyeshiba husikiliza huku amefumba macho, kwa hiyo tumeona tusome kwanza.

Tumeambiwa kwamba leo utataja ni nani kati yetu, walimu wanafunzi, atapewa shule ya kufundisha. Majina yote unayo. Jina moja uliliweka kando ulipokuja mara iliyopita, nalo ni la mwenzetu Valeriani, mzaliwa wa Mbingu. Asipotajwa leo, atarudi kuhesabiwa miongoni mwa vijana wa kubeba mizigo ya Boma, na kijiji cha Mofu kitaendelea kukaa bila shule. Risala hii ina mambo kadhaa, lakini hatutaki kukuzungusha. Imeandikwa kwa ajili yake.

TULIKOTOKA

Vita ya Maji Maji ilipopita bondeni humu, wengine wetu tulikuwa watoto na wengine tulikuwa tayari na mvi. Hatukusimama hapa kusema nani alikosa. Tunasema tu kwamba vita ilipokwisha iliacha njaa, na njaa ikaacha nyumba zisizo na mtu wa kuwasha moto. Mtoto aliyebaki alipewa kazi ya mtu mzima. Alipandishwa dunguni, yaani kwenye lile jukwaa la miti linalosimamishwa katikati ya shamba, akae juu yake kulinda mpunga usiliwe na ndege.

Valeriani ni mmoja wa watoto hao. Alibaki na bibi yake tu, na shamba lao lilikuwa ndiyo akiba yao yote. Tangu mpunga ulipoanza kutia maziwa mpaka ulipovunwa, dunguni ndiko alikokula na ndiko alikosinzia. Mkono wake ulijua donge la udongo kabla ya kujua kalamu. Kweleakwelea wanapopita kwa kundi, mlinzi hana nafasi ya kufikiri; akifikiri, wameshatua. Kwa hiyo alijifunza kupiga kelele na kurusha donge kabla moyo haujamwambia kwamba masikio yamesikia mabawa. Tafadhali, Baba, likumbuke jambo hilo, maana mbele kidogo tutalihitaji.

JINSI TUNAVYOJIFUNZA KUTULIZA DARASA

Kusoma na kuandika tulifundishwa na tukaelewa. Kazi ngumu ni kusimama mbele ya watoto ambao hawataki kunyamaza. Mwalimu Theodori alibuni njia. Siku ya somo la majaribio mmoja wetu anakuwa mwalimu, na sisi tuliobaki tunakuwa watoto. Kabla ya kuanza, Mwalimu anapita akimnong'oneza kila mtu ukorofi wake. Wewe utamtekenya jirani. Wewe utaomba kwenda nje kila mara. Wewe utalia.

Kulia alipewa Mzee Eustaki, mkubwa wetu kwa umri, ambaye ndevu zake ni nyeupe na mjukuu wake yuko darasa la kwanza. Mzee Eustaki hafanyi kazi nusunusu. Alilia mpaka mke wake, Mama Emerensiana, aliyekuwa anapita na tenga la samaki, akalitua mlangoni na kuingia.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hajafa mtu, mama," alisema Mwalimu Theodori. "Ni somo."

Mama Emerensiana alimtazama mumewe chini juu. "Somo la kulia? Nyumbani analia bure, huku mnamfundisha?" Akajitwika tenga lake akaenda zake, na siku ile hatukufundishana kitu tena.

Aliyefuata kufundisha alikuwa Polikarpo, ambaye sauti yake unaisikia sasa hivi ikisoma. Polikarpo alichagua njia ya mkato. Mzee Eustaki alipoanza tu kulia, alimnyooshea kidole. "Wewe. Nyamaza. Hamsa ishirini inakusubiri."

Tulinyamaza wote, hata wale ambao hawakuwa wamepewa ukorofi wowote. Baba, neno hilo tunalijua. Ni viboko ishirini na tano vya Boma, na humu ndani wako ambao migongo yao inalijua kuliko masikio yao. Somo likaendelea kimya mpaka mwisho. Kisha Mwalimu akamuuliza Mzee Eustaki amejifunza nini.

"Nimejifunza mlango uko wapi," alijibu Mzee Eustaki.

Zamu ya Valeriani ilipofika, Mzee Eustaki alilia vilevile, tena zaidi, maana alikuwa amezoea. Valeriani alimwendea akachuchumaa mbele yake. Alitakiwa amwite mwanangu, kama mwalimu anavyomwita mtoto, lakini adabu ikamzuia. Alihangaika kidogo, kisha akasema, "Shikamoo, mwanangu."

"Marahaba, mwalimu," alisema Mzee Eustaki huku akilia.

Darasa lilikatika mbavu. Lakini Valeriani hakucheka wala hakukasirika. Alichukua donge la udongo wa mtoni akamwekea Mzee mkononi, akamwambia, "Nitengenezee herufi M. Wenzako wanaihitaji, na mimi nimeshindwa kuikunja miguu yake." Mzee Eustaki alianza kuukanda ule udongo. Alipokuja kukumbuka kwamba kazi yake ni kulia, M ilikuwa imekamilika na somo limefika mbali. Tangu siku hiyo, kwa sababu vibao vya kuandikia havitutoshi, wanafunzi wa Valeriani huandika kwa udongo, na kila mmoja huwa na donge lake mkononi.

JAMBO LA SIKU ILE

Sasa, Baba, tunafika mahali pa kuomba radhi.

Siku ile ulipokuja, Valeriani alikuwa anafundisha watoto wa kweli kwa mara ya kwanza. Chumba ni hiki hiki, na nje ya dirisha hili ni mpunga wa watu, ambao wakati ule ulikuwa umeanza kutia maziwa. Watoto wametulia, herufi zinafinyangwa. Kweleakwelea wakapita juu ya paa. Sisi tuliokuwa tumekaa nyuma kumwangalia tuliwasikia wakija kama mvua.

Watoto waliruka wote kwa pamoja wakipiga kelele za dunguni. Kutuliza darasa la namna hiyo ndilo hasa tulilokuwa tumefundishwa. Lakini mwalimu wao alikuwa ameshawatangulia. Valeriani alipiga ukelele uliozidi wa watoto wote, akafika dirishani kwa hatua moja, na donge likatoka mkononi mwake.

Hakujua kwamba nyuma ya mpunga kuna njia, wala kwamba njiani kuna machela, wala kwamba ndani ya machela kuna Padri Mkaguzi.

Wapagazi wako walisikia ukelele wa watu wengi na kuona kitu kinaruka kutoka dirishani. Hao nao ni watu wa huku na wameona vita. Hatuwalaumu kwa kuiweka machela chini kwa haraka vile, wala kwa kukimbilia kwenye mpunga, ingawa wenye mpunga waliwalaumu. Wewe ulitoka ukiwa umeshika kofia yako, na donge likiwa juu yake. Ulimwuliza Valeriani maana ya jambo lile. Naye, kwa aibu, alisema neno moja tu: "Ndege." Ulitazama juu. Ndege walikuwa wameshakwenda.

Ulidhani shule nzima imekurushia udongo. Mtu yeyote angedhani hivyo. Uliagiza jina lake liwekwe kando, na kiboko kitundikwe ukutani katika kila darasa, ili watoto wajue wako wapi. Kiboko kilitundikwa. Ni kile pale, juu ya ubao.

Hatukupata nafasi ya kusema wakati ule, basi tunasema leo mbele ya watu wote. Donge lile halikutupwa kwa ajili yako. Lilitupwa kwa ajili ya mpunga. Valeriani hakuasi. Alikuwa kazini, ila ilikuwa kazi ya zamani.

TULICHOKIPATA

Kiboko kilipotundikwa, madarasa yalitulia. Yalitulia mpaka yakawa matupu. Watoto wa Kibaoni walibaki wachache, na wa mashambani hawakuonekana kabisa. Tulifikiri ni msimu wa ndege tu, maana kila mwaka msimu huo hutunyang'anya watoto. Lakini ndege walipungua, na watoto hawakurudi.

Valeriani hakuwa na ruhusa ya kufundisha tena, ila Mwalimu Theodori alimwachia watoto wa jirani, naye akawa anawafundishia nje, ukingoni mwa mpunga, mahali pasipo na ukuta wa kutundika kitu. Huko alitutangazia kwamba hatapigana tena na ndege. Atawatumia.

"Utawatumiaje?" aliuliza Polikarpo. "Utawaandikisha?"

"Wakija, darasa zima litasimama. Lakini watakachopigia kelele ni somo."

"Yaani utafukuza kweleakwelea kwa ba, be, bi."

"Ndege hajui kusoma," alisema Valeriani. "Atakimbia tu."

Tulikwenda kutazama ili tupate kumcheka. Kundi lilipokuja, aliinua mkono, watoto wakasimama, na kwa sauti moja wakapiga BA, wakapiga BE, wakapiga BI, huku wakipiga makofi. Kundi likapinda likaenda zake. Aliposhusha mkono, wakaketi wakaendelea kufinyanga. Kelele zilikuwa na mwanzo na zilikuwa na mwisho, na mwenye kuzianza na kuzimaliza alikuwa mwalimu. Mwalimu Theodori alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Hicho ndicho nilichokuwa nawafundisha, ila sikukijua."

Habari ilivuka mto. Wenye mashamba ya karibu waligundua kwamba mpunga ulio jirani na darasa hilo hauliwi, wakaleta watoto wenyewe, na mmoja akataka na yeye apewe darasa upande wa shamba lake. Wasomaji wa darasa hilo leo wanasoma maneno mazima. Utawasikia wewe mwenyewe kabla hujaondoka, na tunakuomba usishtuke.

Kutoka Mofu alikuja Mama Balbina, ambaye mumewe hakurudi kutoka safari ya kubeba mizigo ya Boma. Alikaa siku nzima kwenye majani akitazama. Jioni ndipo alipomwuliza Mwalimu Theodori, "Huyu anapigia nini?"

"Hapigi, mama."

"Akikasirika?"

"Akikasirika anakwenda kuchota udongo."

Mama Balbina aliingia ndani ya chumba hiki, akakiona kile kilichotundikwa juu ya ubao, akatoka. "Sisi Mofu tuliwaona baba zetu wamelazwa chini ya kitu kile," alisema. "Hatutampeleka mtoto akae mbele yake asome. Lakini yule wa nje tunamtaka. Mkimpa Mofu, watoto wote watakuja. Mkituletea mwingine, mtunzeni wenyewe."

SHIDA ZETU

Vibao vya kuandikia ni vichache. Paa linavuja upande wa Mzee Eustaki, naye anasema ndilo linalomliza. Shida kubwa ni ile tuliyokwisha kuieleza: tunafundishwa kutuliza watoto, na watoto hawapo.

MAOMBI YETU

Tunaomba ruhusa ya kukishusha kiboko kile. Polikarpo amejitolea kupanda kukitoa, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukitegemea.

Tunaomba mwenzetu Valeriani atajwe leo, apewe shule ya Mofu. Kama ni lazima mtu mmoja asitajwe, wote tuliotia alama zetu hapa chini tumekubali kila mmoja kuachwa kwa zamu yake, lakini yeye asiachwe.

Baba, huenda umetazama mistari yetu ukaona kwamba Valeriani hayumo. Tulimtuma kivukoni akaangalie mizigo yako, kwa sababu angeijua risala hii angetuzuia tusiisome. Huko kivukoni wapo pia watu wa Mofu. Wamekuja na mtumbwi uliobakiza nafasi ya mtu mmoja na kikapu chake, na hawajamwambia kwa nini wamekuja. Wamekaa naye wanazungumza habari za samaki. Shule wameshaijenga.

Neno lako likiwa ndiyo, Mzee Eustaki ameomba heshima ya kulipeleka yeye mwenyewe mbio mpaka mtoni. Ameshavua viatu.

Mungu akupe afya, akutangulie njiani, na akurudishe kwetu wakati wa mavuno, uje ule mpunga mpya.

Ni sisi, Walimu Wanafunzi wa Darasa la Ifakara.

Imeandikwa kwa mkono wa Eustaki, aliyejua herufi akiwa mzee, katika shule ya jioni. Imesomwa na Polikarpo.