Alama ya Themanini na Sita

Kijiwe chenyewe ni benchi moja tu la mbao, limeegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, mguu mmoja umefungwa waya, na mbele yake jiko la mkaa la Bi Birika likiwa na birika la kahawa juu. Asiyejua atasema ni benchi. Thubutu! Hapo ndipo mtaa mzima unapochambuliwa kila asubuhi kama mchele, na mwenye mambo yake akipita lazima apandishwe na kushushwa kwa macho. Wenye benchi ni watatu. Yupo Mzani, mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hukadiria uzito wa kila kitu mpaka wa wageni. Yupo Darubini, mlinzi mstaafu, aliyelipwa miaka thelathini kutazama geti na sasa anatazama bure. Halafu Wembe, kinyozi, mwenye kibanda na mwenye ukuta. Jumamosi hiyo Wembe alikuwa hana raha hata kidogo, kwa sababu alfajiri alikuwa ameukuta ukuta wake umeandikwa namba kwa chaki.

— Ngapi leo? aliuliza Darubini kabla hajakaa.

— Themanini na sita. Na mshale pembeni.

— Jana?

— Sabini na moja, kule kwa fundi viatu. Juzi hamsini na nane, kwenye nguzo.

— Inapanda, alisema Mzani.

— Inapanda na inakuja kwangu!

— Na ikifika mia?

— Ikifika mia tunahama, alisema Darubini, akapokea kikombe.

— Umeifuta? aliuliza Mzani.

Wembe akavuta taulo la kazi kutoka begani, akalikunjua. Lilikuwa na vumbi jeupe upande mzima.

— Nimeifuta. Hiyo ni ya tano. Anaandika jioni, mimi nafuta alfajiri. Tutaona nani atachoka.

Msimcheke. Wembe aliwahi kuwa na kibanda kingine, kule barabara kubwa, kibanda cha bati zima chenye kioo kirefu. Siku moja wakapita watu wawili hawasemi na mtu, wanahesabu hatua. Wakaandika namba ukutani, wakaenda zao. Wembe akaona mambo ya serikali hayo, hayamhusu. Siku ya nne likaja tingatinga, na kiti chake cha kunyolea kikatoka chini ya kifusi kimekunjika kama karatasi. Alilia mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zake. Tangu hapo akiona mtu anahesabu hatua, anaacha kichwa cha mteja nusu na kutoka nje.

Na anayehesabu hatua safari hii alikuwa jirani. Bwana mmoja wa makamo, amehamia chumba cha pembeni mwisho wa mtaa miezi mitatu iliyopita yeye na mkewe. Salamu anaitikia, lakini hakai. Benchi likampa jina la Kimya. Kila jioni anatoka chumbani na mfuko mweusi kifuani, waya umechomoza juu ya mfuko, anatembea pole pole midomo ikicheza. Nyuma yake mkewe anasimama mlangoni kanyanyua mkono. Mume anakwenda, mkono uko juu. Anakwenda, uko juu. Ghafla mkono unashuka. Kimya anasimama hapo hapo, anatoa chaki, anaandika.

— Ule mkono ndio unaonitisha, alisema Darubini. Mimi nimelinda. Mkono ukiwa juu, njia nyeupe. Ukishuka, kuna mtu.

— Mtu gani, na sisi ndio tumekaa hapa? aliuliza Bi Birika.

— Basi ndio sisi!

— Mimi nasema anapima mtaa, alisema Wembe. Ametumwa. Wanamweka akae kama mpangaji, kumbe anapeleka vipimo.

— Mpima ardhi gani ananuka petroli? alidakia Mzani. Nimepita dirishani kwake. Petroli, tena imechanganywa na oili. Na kuna kitu mle ndani kinanguruma, kinakohoa, kinanyamaza. Halafu anapiga nyundo. Halafu kinanguruma tena.

— Jenereta.

— Jenereta halafu anawasha kibatari? Kaa hivyo hivyo.

— Basi ni mashine ya kuchapa noti, alisema Darubini.

— Ya petroli?

— Ili isipite kwenye umeme wakaiona. Wewe Mzani ulidhani watu kama hao ni wajinga?

Bi Birika akacheka mpaka mkaa ukaruka.

— Jamani, mmeshamuuliza?

Wote watatu wakamtazama kama aliyetapika hadharani.

— Unamuulizaje mtu asiyekunywa kahawa? alisema Wembe.

Kahawa ikazunguka tena. Mzani akakikadiria kikombe chake kwa mkono, akakiweka chini.

— Kuna jambo sijawaambia. Injini nilimuuzia mimi.

— Injini gani?

— Ya mashine ya kukatia majani. Ndogo, ya kuvuta kamba. Kilo mbili na robo. Na magurudumu manne ya kigari cha mtoto mchanga. Nilimwuliza ya nini, akasema ya kazi.

— Magurudumu! Darubini alisimama. Kwa hiyo kinatembea! Kinatoka chumbani chenyewe, kinaingia kwa mtu, kinarudi!

— Na wewe je? alidakia Mzani. Nani alimpa antena?

Darubini akakaa.

— Ilikuwa redio yangu ya kazini. Imekufa siku nyingi. Alikuja kistaarabu...

— Antena! Basi kinasikiliza, alisema Wembe, na sasa alikuwa ameshusha sauti. Kinasikiliza tunayosema hapa. Mfuko wenye waya, ndugu zangu. Anapita mbele yetu kila jioni na waya! Na mkono ukishuka ndiyo kusema sauti zetu zimeingia.

Darubini akalitazama birika kwa jicho baya.

— Wewe ulimpa nini, Wembe? aliuliza Bi Birika.

Wembe akajifanya anakung'uta taulo.

— Mashine yangu ya zamani ya kunyolea. Ile niliyoitumia miaka tisa. Ilishaungua, nilikuwa naitupa. Akasema anataka swichi tu.

— Heee! Kwa hiyo tukikamatwa, tunakamatwa wote, alisema Darubini.

— Ndiyo maana nasema tuwahi. Saa sita tunakwenda kwa mwenye nyumba wake, watatu. Tunamwambia amtoe. Leo leo. Mimi nitasema, nyie mnaitikia.

— Tunaitikia, alisema Mzani.

— Hata kabla ya saa sita, alisema Darubini.

Walikuwa bado wanapanga nani atabisha hodi, pakatokea mwanamke amevaa ovaroli la bluu, safi, kalamu mfukoni, mkoba begani. Si mtu wa mtaa. Akawasalimu mmoja mmoja kwa heshima, akaagiza kahawa.

— Samahani wazee wangu. Namtafuta fundi mmoja, ametengeneza gari dogo la petroli, la kuendeshwa kwa rimoti. Anakaa wapi?

— Gari? alisema Mzani.

— Dogo hivi, alionyesha urefu wa mkono wake. Kila kitu ni cha kuokoteza, kaniambia. Mwili wake debe la mafuta ya kula. Mimi nafundisha karakana chuo cha ufundi. Fundi huyu alikuwa kiwandani, kiwanda kikafungwa, ameomba nafasi kwetu na vyeti hana. Nikamwambia sitaki cheti, nionyeshe kitu ulichokiunda kwa mikono yako. Likienda na kurudi salama mbele ya macho yangu, Jumatatu anaanza kazi. Lisiporudi, nafasi ina wengine.

Mwalimu akapuliza kahawa yake, akaendelea, maana aliwaona watu wazima wanaosikiliza vizuri.

— Shida ya magari haya ni mawimbi. Rimoti ina mwisho wake. Gari likivuka hapo halikusikii tena, linakwenda kwa kasi ile ile liliyokuwa nayo. Lakini huyu ni mtu makini. Wiki nzima anapima, anatembea na rimoti kwenye mfuko. Mkewe anakaa na gari mlangoni. Magurudumu yakiitika rimoti ananyanyua mkono, yakiacha kuitika anaushusha. Fundi anatia alama ya chaki hapo. Kila akirekebisha antena anapata hatua zaidi. Jana kafika themanini na sita. Leo analituma mpaka kwenye alama, analigeuza.

Wembe alihisi taulo begani limekuwa zito kama gunia. Alimtazama Mzani, Mzani akatazama viatu. Darubini alikuwa amegeukia ukutani.

— Sema, alinong'ona Bi Birika. Wembe, sema sasa hivi.

Alitaka kusema. Mungu ni shahidi, mdomo aliufungua. Lakini aseme nini mbele ya mwanamke mstaarabu vile? Kwamba yeye, aliyenyoa watu miaka ishirini, anaamka alfajiri kufuta ukuta kwa sababu ya mkono wa mke wa mtu? Na wakati anajikaza, mwisho wa mtaa mlango ukafunguka, kamba ikavutwa mara moja, mara mbili, na mtaa mzima ukajaa mlio.

Kimya alikuwa amevaa shati la kupiga pasi. Hakujua kuwa mwalimu ameishia kwenye benchi. Alimwona pale, akampungia mkono, akatabasamu. Watu wa mtaa hawakuwahi kuliona tabasamu lile. Kisha akabonyeza rimoti, na gari likaja.

Lilikuwa zuri, tusidanganyane. Debe limekatwa na kukunjwa likatoka na pua, picha ya alizeti ya kiwandani bado iko ubavuni, antena ya Darubini inayumba nyuma. Lilipita kwa fundi viatu, likapinda kidogo kukwepa shimo, likanyooka. Watu wakatoka milangoni wakishangilia. Kimya alikuwa haliangalii gari. Alikuwa anautazama ukuta wa kinyozi, anatafuta namba yake. Wembe aliona kichwa chake kinavyotafuta, kinakwenda juu, kinashuka chini, na mkono wa rimoti unavyosita.

— Geuza! alipiga kelele Wembe. Geuza hapo hapo!

Nani angesikia na mlio ule? Gari likapita pale palipokuwa na alama. Kimya akabonyeza, akabonyeza tena, akaanza kukimbia na rimoti juu ya kichwa. Gari halikumsikia. Liliingia kijiweni kwa kasi yake yote, likapiga jiko, birika likapaa, kahawa yote ikamwagika juu ya mkaa puuu, moshi ukatanda. Afadhali kahawa, maana petroli na mkaa wa moto si mambo ya kucheza. Gari likabanwa chini ya benchi likiwa limelala ubavu, magurudumu yanazunguka hewani, linanguruma kama limechokozwa.

— Litalipuka! Mzani alikuwa ameshafika ng'ambo ya mtaa. Darubini alikuwa mbele yake.

Wembe hakukimbia. Kwenye ule moshi aliona kitu chekundu nyuma ya debe, kidogo, kimelika upande wa kushoto mahali kidole gumba chake kilipokuwa kinakaa miaka tisa. Akaingiza mkono chini ya benchi, akakisukuma bila hata kutazama. Injini ikakata.

Kimya alifika anahema, akapiga magoti. Alikuwa anapitisha vidole kwenye ekseli ya mbele iliyopinda, na mkewe nyuma yake ameshika kanga mdomoni.

— Fundi, alisema mwalimu taratibu, mbona hukugeuza? Alama yako iko wapi?

— Niliiandika, mwalimu. Jana jioni, kwenye ukuta huu. Zote huwa naziandika, asubuhi sizikuti. Nikasema labda umande.

— Na hii ya leo? Nani kaifuta?

Benchi zima likapata kazi. Mzani, aliyerudi, aliokota birika akalipima kwa mkono. Darubini alikuwa anachunguza mawingu, na mawingu hayakuwepo. Bi Birika alimkazia macho Wembe bila kupepesa.

— Ekseli nitainyoosha mimi, alisema Mzani ghafla, akaenda kuchukua nyundo yake. Hakutaja bei.

— Nina nusu saa, alisema mwalimu akitazama saa yake. Fundi, unaweza kupima upya?

— Kupima na kunyoosha? Nusu saa haitoshi. Bila alama siwezi kulituma tena, mwalimu. Kwa macho nakadiria umbali mpaka hatua hamsini tu, zaidi ya hapo nabahatisha.

Alisema hivyo akaanza kulipangusa debe kahawa kwa kiganja. Wembe akashindwa kuvumilia. Aliinama, akaokota kipande cha chaki kilichodondoka mfukoni mwa Kimya, akaenda mpaka ukutani kwake, ukuta ule ule alioufuta alfajiri. Hakupima wala hakuhesabu. Alishusha mkono sawa na kiuno, shibiri mbili kutoka kwenye fremu ya mlango, akaandika themanini na sita, namba kubwa kabisa. Akaongeza na mshale pembeni, unaoelekea kule kule ulikokuwa unaelekea.

Kimya alisimama. Akautazama mshale, akamtazama kinyozi, akalitazama taulo lenye vumbi la chaki begani mwake.

— Jirani, alisema, umejuaje ilipokuwa?

Wembe akatafuta kikombe chake ili apate pa kuweka mdomo. Bi Birika alimnyang'anya birika Mzani, akaligeuza juu chini mbele yao wote. Halikutoa hata tone.

— Kahawa imekwisha, alisema. Haya, mjibuni mwenzenu.