Gleb wa Soko la Viatu

Asubuhi ile kijiweni kwetu Makorora kahawa ilikuwa ya moto, lakini Mzee Fanueli hakuigusa. Tunamwita Mrusi, maana ujanani alisomea kilimo Urusi miaka sita, mpaka nchi ile ikamvunjikia machoni. Simu ilikuwa imemletea habari: Gleb, rafiki yake wa bwenini, kafia gerezani.

— Jambazi kafa, nawe walia? akauliza Haji Redio, asiyepitwa na habari.

— Namlilia aliyeniokoa. Walevi walinikuta stesheni, wakanipiga kwa sababu ya rangi yangu. Gleb alikuwa bondia. Aliwakabili watano peke yake, akapoteza meno mawili.

— Sasa ujambazi aliuanzia wapi?

— Mambo yalipoharibika. Alijifanya mlinzi wa soko la viatu. Ukitaka kuuza, umlipe. Mmoja akakataa. Kibanda kikachomwa, naye yumo ndani. Miaka ikapita, Gleb akampigia kampeni gavana, gavana akamwachia bandari. Polisi wakawa wanampigia saluti.

— Penye miti hapana wajenzi, akasema Yakoub, tunayemwita Wakili kwa ubishi wake.

— Kha! Hiyo hapa haiingii, akasema Haji.

— Yaingia! Ana gavana, ana polisi, kakosa wa kumtoa jela!

— Gavana mwenyewe ndiye aliyemtoa kafara, akasema Fanueli. Alikorofishana na wakubwa wa juu, akamkabidhi Gleb ili apone yeye.

Haji akatikisa kichwa.

— Hajafa yule. Wamezika gogo. Saa hizi yuko Amani kule milimani, kapanga nyumba msituni.

— Amani mvua tupu! akabisha Wakili. Yuko Pemba, keshasilimu, ana shamba la karafuu.

— Amekufa, akasema Fanueli. Mwanawe kanitumia picha ya kaburi.

Mwalimu Mwanaima, aliyehamia mtaani juzi, alikuwa amesimama akingoja chupa yake ijazwe.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Samahani, wazee. Yule aliyechomewa kibandani, alikuwa akiitwa nani?

Haji akamtazama Wakili. Wakili akamtazama Fanueli.

— Buti zangu nilizinunua kwake, akasema Fanueli taratibu. Nilizivaa baridi mbili. Alinipunguzia bei. Akaniuliza jina langu, akalirudia mara tatu mpaka akaliweza.

Akasukuma kando kikombe chake, kahawa imeshapoa.

— La kwake sikumuuliza.